UZI: Maziwa ya supermarket Ujerumani – soma yamepashwaje moto kabla hujaangalia bei

Mwana wa Rungwe:

Habari zenu wadau.

Kila mwezi wa tisa na wa kumi, wanafunzi wapya wakishafika, swali hili linajirudia kwenye magrupu yetu: "Jamani, maziwa gani ya kununua huku? Chai yangu haieleweki." Majibu huwa mstari mmoja. Huyu anasema chukua ya duka la Lidl, yule anasema chukua ya bei ya juu, na muulizaji anabaki palepale. Nimeona niufungulie uzi wake nieleze kwa kirefu, na walioko nchi nyingine waongezee ya kwao. Mimi niko Ujerumani, kwa hiyo majina nitakayotaja ni yale utakayoyakuta kwenye rafu za Ujerumani.

Ukifika mbele ya rafu usianze na bei wala nembo. Anza na namna maziwa yalivyopashwa moto kiwandani. Hilo ndilo linaloamua ladha, ndilo linaloamua kama mtindi wako utaganda au utaoza, na ndilo linalokwambia uyaweke wapi ukifika chumbani. Mafuta yanafuata. Bei iwe ya mwisho, maana kwa maziwa ya kawaida ya nembo ya duka unazungumzia takriban euro moja kwa lita.

Ziko aina tatu.

Ya kwanza ina neno Frischmilch (maziwa freshi), na mahali fulani kwenye pakiti imeandikwa "traditionell hergestellt". Haya yamepashwa moto wa nyuzi 72 hadi 75 kwa sekunde 15 hadi 30, basi. Ladha yake ndiyo iliyo karibu zaidi na maziwa tuliyoyazoea nyumbani. Hayakai sana: tangu yatoke kiwandani ni wiki moja, kwa kawaida hayavuki siku kumi, na sehemu ya siku hizo zimeshapita yakiwa njiani na dukani. Angalia karibu na tarehe, utaona "+8 °C". Maana yake tarehe ile inasimama tu kama friji yako haizidi nyuzi 8. Mlangoni mwa friji ndiko kwenye joto zaidi, na huko ndiko karibu kila mtu anakoweka maziwa. Yaingize ndani.

Ya pili nayo imeandikwa Frischmilch, nayo iko kwenye friji ya duka, ndiyo maana watu wengi hawaitofautishi na ya kwanza. Tafuta maneno "länger haltbar" au "länger frisch". Haya ama yamepashwa moto mkali zaidi kwa muda mfupi sana, moto unaoweza kufika nyuzi 127, ama yamepitishwa kwenye chujio laini linalonasa bakteria ndipo yakapashwa. Kabla ya kufunguliwa yanakaa kama wiki tatu kwenye friji. Kwenye maduka ya bei nafuu, sehemu kubwa ya maziwa ya friji ni haya. Si mabaya hata kidogo. Ila ujue unacholipia.

Ya tatu ni H-Milch. Haya hayako kwenye friji, yamepangwa kwenye paleti upande wa juisi na maji. Yamepigwa moto wa nyuzi 135 au zaidi kwa sekunde chache, yakafungwa kwenye boksi lisilo na kijidudu. Yanakaa miezi kadhaa kabatini. Lakini ukishalifungua tu, yahesabu kama maziwa mengine: friji, na uyamalize ndani ya siku tatu nne. Tarehe iliyoandikwa juu ya boksi haikuhusu tena.

Sasa msimamo wangu. Kwa chai ya maziwa ya kupika, H-Milch inatosha kabisa. Ni kweli ina ladha ya kupikwa, na ukiinywa baridi utaisikia. Lakini chai yetu tunaichemsha na iliki na tangawizi, tunaongeza majani na sukari. Ladha ile haina pa kujitokeza. Na kwa kuwa Jumapili maduka mengi huku yamefungwa, boksi moja la akiba kabatini linakuokoa. Pesa ya maziwa freshi yatunzie ya kunywa yenyewe au ya uji, ambako ulimi unapata kila kitu.

Mafuta ni mepesi kueleza. Vollmilch ni asilimia 3.5, na ukiona 3.8 pamoja na maneno "natürlicher Fettgehalt" ujue mafuta hayakupunguzwa. Fettarm ni 1.5. Magermilch haizidi 0.5. Kwa chai chukua 3.5. Ukipika chai kwa 1.5 inatoka na rangi ya kijivujivu, na unajikuta unaongeza maziwa kila siku hadi nafuu yote imekwisha. Pia 1.5 na 3.5 za nembo moja mara nyingi boksi zake zinafanana na zimekaa bega kwa bega, kwa hiyo soma namba.

Jambo moja kwa wapenzi wa tangawizi. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata protini, na ukiitia pamoja na maziwa ya uvuguvugu, maziwa yanakatika. Mtu analaumu maziwa ya Wazungu. Twanga tangawizi, ichemshe na maji peke yake dakika kadhaa hadi jikoni kunukie, halafu ndipo umimine maziwa. Moto unaua kile kimeng'enya na chai inatulia.

Kuhusu nembo: kila boksi lina mhuri mdogo wa umbo la yai, ndani yake mna DE, herufi za jimbo kama BY kwa Bavaria au NI kwa Niedersachsen, kisha namba, na chini EG. Huo unataja kiwanda kilichosindika na kufungasha. Siku ukiwa na nafasi, lishike boksi la nembo ya duka, iwe ja! ya REWE, Gut & Günstig ya EDEKA au Milbona ya Lidl, ulinganishe na boksi la nembo maarufu. Wakati mwingine namba ni ileile. Mhuri hausemi ng'ombe walikuwa wapi wala walikula nini, lakini unatosha kukuondolea imani kwamba bei kubwa lazima iwe kiwanda kingine.

Mtindi nitauandikia peke yake huko chini, maana una mambo yake. Karibuni.

---

Binti Chande:

Shukrani sana kaka. Mimi nina swali la tumbo. Nyumbani nilikuwa nakunywa chai ya maziwa asubuhi na jioni bila shida. Huku nikinywa glasi moja tu ya maziwa na cereal, tumbo linajaa gesi na kuuma. Je, maziwa ya huku yana dawa?

---

Mwana wa Rungwe:

Dada Chande, pole. Si lazima iwe dawa. Huenda kilichobadilika ni kiasi. Kikombe cha chai ya maji na maziwa kina maziwa kidogo, na umekinywa taratibu na chapati. Glasi nzima ya maziwa matupu tumbo likiwa halina kitu ni habari nyingine.

Ndani ya maziwa mna sukari inayoitwa laktosi, karibu gramu 5 kwa kila mililita 100. Utumbo wa mtoto unatengeneza kimeng'enya cha kuivunja. Kwa watu wazima wengi duniani kimeng'enya hicho hupungua, na laktosi isiyovunjwa inakwenda kuchachuliwa na bakteria wa utumbo mpana. Hapo ndipo gesi inapotoka. Waafrika Mashariki tumechanganyika sana kwenye hili. Mwaka 2007 mtafiti Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakakuta wafugaji wetu wana mabadiliko ya vinasaba yanayowawezesha kunywa maziwa ukubwani, na mabadiliko hayo si yale ya Wazungu. Yalijitokeza huku kwetu kivyake. Kwa hiyo anachokiweza Mmasai huenda mtu wa pwani asikiweze, na wote ni wazima.

Jaribu boksi lililoandikwa "laktosefrei". Ni maziwa ya ng'ombe yaleyale, yametiwa kimeng'enya kikaivunja laktosi mapema. Usishangae yakiwa matamu zaidi. Hakuna sukari iliyoongezwa, ni laktosi imegawanyika kuwa sukari mbili ambazo ulimi unazisikia zaidi. Punguza sukari kwenye chai yako. Mtindi nao huwa mwepesi kwa tumbo, kwa kuwa bakteria wameshakula sehemu ya laktosi. Ila ukivimba midomo, ukitoka vipele au ukibanwa kifua, huo huenda ni mzio wa protini ya maziwa, na laktosefrei haitakusaidia. Nenda kwa daktari.

---

Mkamba Manchester:

Salamu kutoka Uingereza. Niongeze jambo la rangi, kwa sababu watu wanahama nchi na mazoea yao. Huku mfuniko wa bluu ni maziwa yenye mafuta yote, kijani ni nusu, nyekundu ni yaliyotolewa mafuta. Chai ya kwetu Ukambani inataka bluu. Chupa zetu nyingi bado zinahesabiwa kwa painti, ile ya familia ni painti 4, ambayo ni lita 2.27, kwa hivyo ukilinganisha bei na duka linalouza lita kamili angalia bei ya lita kwenye kile kibandiko cha rafu. Na huku maziwa ya friji ndiyo ya kawaida kabisa, yale ya kukaa kabatini ni wachache wanaonunua.

---

Nyota ya Lyon:

Mkamba umenena. Ukivuka bahari kuja Ufaransa rangi zinageuka: nyekundu ndiyo yenye mafuta yote, bluu ni nusu, kijani ndiyo iliyotolewa mafuta. Na huku sehemu kubwa sana ya maziwa yanayouzwa ni ya kukaa kabatini, UHT. Friji ya maziwa freshi ni kidogo, tafuta neno "frais". Sweden nilikopita mwanzo, nyekundu ilikuwa asilimia 3, kijani 1.5, bluu 0.5. Namba za mafuta ndizo lugha moja kila mahali.

---

Mama Wawili Stuttgart:

Asante kwa uzi mzuri. Nina mtoto wa miezi minane. Mama mkwe kanipigia simu toka Moshi anasema nianze kumpa maziwa ya ng'ombe kwenye chupa, nichanganye na maji kidogo kama walivyolelewa wao. Naogopa kumkatalia na naogopa kufanya. Nichukue yapi?

---

Mwana wa Rungwe:

Mama Wawili, shikamoo kwa mama mkwe, na nia yake ni njema. Lakini miongozo ya huku iko wazi: kabla ya mwaka mmoja maziwa ya ng'ombe hayawi kinywaji cha mtoto. Kinywaji ni maziwa yako au ya kopo ya watoto, yale ya "Pre". Kinachoruhusiwa kuanzia karibu miezi sita ni kupika uji wa nafaka kwa maziwa ya ng'ombe, takriban mililita 200 kwa siku, yenye mafuta 3.5, yawe freshi ya dukani au H-Milch. Kwa hiyo unaweza kumwambia mama bila kumdanganya kwamba mjukuu anapata maziwa ya ng'ombe kila jioni, ndani ya uji. Thibitisha na daktari wa watoto kwenye kliniki ijayo.

Maziwa mabichi ya shambani usimpe kabisa. Wala mjamzito asinywe.

---

Mpenda Utando:

Hapo kwenye ya shambani ndipo nilipotaka kuuliza. Kuna mashine kijijini kwa mkulima hapa jirani, unatia sarafu unajaza chupa. Nimekosa utando jamani. Maziwa ya dukani nachemsha hata mara mbili, juu hakuna kitu, kijingozi chembamba tu.

---

Mwana wa Rungwe:

Mkuu, maziwa ya dukani mengi yamesukumwa kwa nguvu kwenye matundu madogo sana hadi mafuta yakawa chembechembe laini zisizoelea. Angalia pakiti, utaona "homogenisiert". Ndiyo sababu hupati utando hata uchemshe mpaka kesho.

Njia mbili ziko. Ya kwanza, nunua yaliyoandikwa "nicht homogenisiert". Maziwa ya Demeter, ile alama ya kilimo hai, yote hayafanyiwi hivyo, ni sharti lao. Ni ghali, lakini ukiliacha boksi limetulia utakuta mafuta yamepanda na kujikusanya mdomoni. Njia ya pili ndiyo hiyo mashine yako. Soma kibao kilichobandikwa pale: "Rohmilch, vor dem Verzehr abkochen". Wanakuagiza uchemshe. Chemsha kweli, yapande, koroga, yapande tena. Usafi wa shamba hauondoi bakteria wa kinyesi. Tulichofundishwa nyumbani cha kutokunywa maziwa yasiyochemshwa kinafanya kazi huku vilevile. Ila maziwa ya dukani huna haja ya kuyachemsha kwa usalama. Kazi hiyo imeshafanyika.

---

Mngazija Muscat:

Ahsanteni. Niko Oman. Huku kuna jambo jengine la kusoma: maziwa mengine yametoka kwa ng'ombe moja kwa moja, mengine ni ya unga uliorudishiwa maji kiwandani. Pakiti inasema, ila kwa herufi ndogo. Kwa karak, ile chai nzito ya maziwa ya huku, watu wanatumia yale mazito ya kopo yasiyo na sukari, ndiyo yanayotoa ile rangi ya udongo. Na mnaolalamika kukosa mtindi, hapa laban imejaa kila duka, mepesi ya kunywa, tena baridi mchana wa joto hayana mfano.

---

Binti Chande:

Kaka, uliahidi mtindi.

---

Mwana wa Rungwe:

Haya, mtindi, na hapa mtaona kwa nini nilianza na moto.

Kwetu Rungwe maziwa yanakamuliwa, yanawekwa mahali, na yanaganda yenyewe. Yanaganda kwa sababu yana bakteria wake wa kuchachusha. Maziwa ya dukani huku bakteria hao wameshauawa. Ukiyaacha mezani hayawi mtindi; wanaingia wadudu wengine na yanakuwa machungu. Kwa hiyo lazima uyarudishie mbegu.

Ukitaka mgando, ule wa kumwaga kwenye ugali, mbegu yake ni Buttermilch, yale maziwa machachu ya siagi. Chukua iliyoandikwa "Reine Buttermilch", maana ya kawaida inaruhusiwa kuwa na maji yaliyoongezwa. Lita moja ya maziwa ya 3.5, tia vijiko vitano sita vya Buttermilch, koroga, funika, acha kwenye joto la chumba. Chumba chenye nyuzi 20 na kitu yanaganda ndani ya siku moja hivi. Wakati wa baridi sogeza sufuria karibu na hita, si juu yake. Yakishatikisika kipande kizima bila kumwagika, yapeleke friji. Usiyakoroge kabla hayajapoa.

Ukitaka ule mzito wa kijiko, mbegu ni Naturjoghurt (yoghurt isiyotiwa sukari wala matunda) ya kawaida ambayo haikupashwa moto baada ya kuganda. Maziwa yawe na nyuzi kama 42, kidole kinavumilia bila kuungua. Tia vijiko viwili, zungushia taulo au blanketi, acha usiku kucha. Hapa ndipo H-Milch inapowashinda freshi kwa urahisi: freshi unatakiwa kwanza uichemshe hadi karibu nyuzi 85 ndipo uipoze, la sivyo mtindi unatoka mwepesi. H-Milch imeshapita moto huo kiwandani, unaipasha uvuguvugu tu na kutia mbegu.

Mvivu wa kugandisha anunue Dickmilch, iko kwenye vikombe karibu na yoghurt. Ni ndugu wa karibu kabisa wa maziwa mgando. Ayran, mtindi mwepesi wa kunywa kwenye maduka ya Waturuki, ni nzuri lakini ina chumvi.

---

Kaka wa Göteborg:

Sweden mtindi wetu ni filmjölk, iko kila duka, na mimi naiweka sambamba na mgando wa nyumbani. Niulize: huku maziwa yanaongezwa vitamini D kwa sheria. Na Ujerumani?

---

Mwana wa Rungwe:

Ujerumani kwa kawaida hayaongezwi, kaka. Na hili nalisema kwa mkazo kwa sisi wenye ngozi nyeusi: ngozi yetu inahitaji jua zaidi kutengeneza vitamini D, na kuanzia Oktoba mpaka Machi jua la huku halitoshi kwa mtu yeyote. Msidhani lita ya maziwa kwa siku inafidia. Muulizeni daktari awapime, dawa yake ni rahisi.

Walionifuata pembeni kuuliza vinywaji vya shayiri (Hafer, yaani oats) na soya: vinakaa rafu moja na maziwa lakini haviruhusiwi kuandikwa Milch, Mahakama ya Ulaya iliamua hivyo mwaka 2017, tui la nazi ni miongoni mwa vichache vilivyoachiwa. Huku vinatozwa kodi ya asilimia 19 wakati maziwa ni 7. Ukinunua, angalia kama vimeongezwa kalisi. Vingi vya Bio, yaani vya kilimo hai, havina. Kwenye chai ya kuchemka cha shayiri kinakuwa kama uji mwepesi, mimi sikipendekezi.

---

Mgeni Dortmund:

Swali la mwisho, mkuu. Chupa tupu zina hela?

---

Mwana wa Rungwe:

Zina. Chupa ya plastiki ya maziwa tangu Januari 2024 ina amana ya senti 25 unayorudishiwa, ya kioo inayorudishwa kwa kawaida ni senti 15. Boksi la karatasi halina kitu, linakwenda kwenye mfuko wa njano. Suuza chupa kabla hujaiweka kando, usiikunjekunje wala kubandua kibandiko, mashine ya dukani ya kupokea chupa inasoma alama iliyopo pale, na risiti itakayotoka ipeleke kaunta palepale.